Biskuti za kupamba: Faida imo kwenye saa, si kwenye unga

KATIKA mji wa dhahabu kama Saza, wilayani Songwe, fedha huja kwa mkupuo. Wiki ambayo mawe yametoa vizuri, maduka hujaa, sherehe huongezeka na watoto hununuliwa nguo mpya. Wiki ambayo mashimo hayakutoa kitu, hata andazi la asubuhi hukopwa.

Wanawake wengi wanaoishi katika miji ya namna hii hutafuta shughuli ya kufanyia nyumbani, isiyowalazimu kushinda machimboni na isiyodai mtaji mkubwa. Wapo wanaokaanga maandazi, wapo wanaouza uji na chapati. Katika miaka ya karibuni imeongezeka shughuli nyingine, kuoka biskuti za kukata kwa maumbo na kuzipamba kwa aisingi ya rangi.

Ni biskuti za sukari za kawaida. Donge husukumwa kama la chapati, hukatwa kwa vibati vyenye umbo la nyota, moyo, ua au herufi, huokwa, kisha hupambwa moja moja kwa mkono. Huonekana kwenye meza za 'send-off', kipaimara, ubatizo, Idi, Krismasi na mahafali ya shule.

Kwa macho, biashara hii inavutia. Unga wa ngano upo dukani, sukari ipo, mayai yapo, na biskuti moja iliyopambwa huuzwa kwa bei ambayo andazi haliwezi kuota. Hata hivyo, wengi wanaoianza huiacha baada ya miezi michache wakiwa hawajui fedha ilipotelea wapi. Wateja walikuwapo na biskuti zilikuwa tamu, lakini hesabu haikupigwa.

Makala haya yanapiga hesabu hiyo hatua kwa hatua. Bei zilizotumika ni za mfano tu. Msomaji aweke bei za duka lake na kurudia hesabu yake mwenyewe.

Mji wa dhahabu na soko lake

Saza si mji wa jana. Upo katika eneo la dhahabu la Lupa, ambako wachimbaji walianza kumiminika katika miaka ya 1920. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi kuanzia mwaka 1939 hadi 1956, na wakati huo ulikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu Tanganyika. Mwaka 2012, mgodi wa New Luika ulio katika eneo hilo hilo la Lupa ulianza kuzalisha dhahabu. Pembeni ya mgodi huo mkubwa wapo wachimbaji wadogo na wachenjuaji.

Kiutawala, eneo hilo lilikuwa sehemu ya Chunya, mkoani Mbeya. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016, makao yake makuu yakiwa Vwawa, na Wilaya ya Songwe ina makao yake Mkwajuni. Bidhaa nyingi za dukani hutoka Mbeya, na nyingine Tunduma, mpakani na Zambia.

Maelezo haya yana maana kwa mwoka biskuti. Kwanza, mji wa dhahabu una watu wenye fedha taslimu lakini fedha hiyo haina ratiba. Pili, unga, sukari na majarini hupatikana karibu, lakini sukari laini ya aisingi, rangi za chakula, unga wa ute wa yai na vibati vya kukatia kwa kawaida hufuatwa mjini. Nauli hiyo ni gharama ya biskuti, ingawa wengi huisahau.

Biskuti zilikotoka

Watu wa Nyanda za Juu Kusini wanalifahamu Kanisa la Moravian, ambalo wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891. Si wengi wanaojua kwamba Wamoravian haohao, waliohamia Marekani katika karne ya 18, wanatajwa katika historia ya biskuti za kukata. Mji wa Nazareth katika jimbo la Pennsylvania, walioanza kuujenga mwaka 1740, hadi leo jina lake linaambatana na biskuti ya sukari. Katika jimbo la North Carolina, jumuiya yao ya Winston-Salem inajulikana kwa biskuti nyembamba zenye viungo, zinazokatwa kwa vibati.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina nankhatai, iliyokuja na wafanyabiashara kutoka India. Ni ya unga, sukari na samli, na mwoka hahitaji kibati wala aisingi. Kwa hiyo biskuti si mgeni kwa Watanzania. Kigeni kidogo ni kazi ya kuipamba, na ndiyo inayopandisha bei.

Mkupuo mmoja unahitaji nini

Chukua mfano wa mama mmoja mwenye jiko la mkaa, trei mbili na vibati vitatu. Kwa mkupuo mmoja anatumia unga wa ngano gramu 800, majarini gramu 450, sukari gramu 400, mayai mawili, vanila, chumvi kidogo na bekingi pauda nusu kijiko cha chai. Bekingi pauda ikizidi, biskuti huvimba na nyota hugeuka duara.

Majarini na sukari husagwa pamoja hadi viwe laini, kisha yai na vanila, halafu unga kidogo kidogo. Donge likishikana halikandwi tena. Unga wa ngano ukikandwa sana hujenga nguvu ya kuvutika, ambayo inafaa kwa mkate lakini kwa biskuti huleta ugumu na kusinyaa jikoni.

Joto ndilo adui wa kwanza. Majarini ikiyeyuka kabla ya biskuti kuingia jikoni, umbo hutanuka. Asiye na jokofu anaweza kufanya kazi hii alfajiri, au kuacha donge ndani ya chombo kilichofunikwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa kibichi mahali penye upepo. Donge likisukumwa kwa unene wa milimita sita hivi na kukatwa kwa maumbo ya sentimita saba, mkupuo huu hutoa biskuti 60.

Oveni ya umeme au gesi huwekwa nyuzi 175 hadi 180, na biskuti huiva kwa dakika 10 hadi 12. Kwa mkaa, sufuria kubwa huwekwa mchanga mkavu chini, trei huinuliwa juu ya mchanga huo, mfuniko hufunikwa na makaa machache huwekwa juu yake. Kabla ya kuweka trei nzima, mwoka aoke biskuti moja ya majaribio. Makaa ya jana na ya leo hayafanani, na trei moja iliyoungua imekula faida ya trei mbili. Biskuti hutolewa kingo zinapoanza kubadilika rangi. Zikingojewa hadi katikati iwe ya kahawia, zitakuwa ngumu zikipoa.

Kazi ya mapambo

Aisingi inayokauka na kuwa ngumu hutengenezwa kwa sukari laini na ute wa yai. Ute mbichi unaweza kubeba vimelea vya ugonjwa, hasa kwa watoto, wazee na wajawazito. Njia salama zaidi ni kutumia unga wa ute wa yai unaouzwa katika maduka ya vifaa vya keki, au kuchanganya sukari laini na maji kidogo na sharubati ya glukosi. Hii ya pili huchelewa kukauka na ni laini zaidi.

Mwoka hutengeneza aisingi za uzito wa aina mbili. Nzito ni ya kuchora mstari wa ukingo. Nyepesi ni ya kujaza katikati. Kipimo cha nyepesi ni rahisi: pitisha kisu juu yake na uhesabu. Mstari wa kisu ukipotea baada ya sekunde 10 hadi 15, imekaa sawa. Ukipotea mapema, itamwagika nje ya ukingo. Ukichelewa, itaacha mabonde.

Biskuti zikishapambwa huachwa zikauke kwa saa nane hadi 12. Masika, hewa ikiwa na unyevu, inaweza kuchukua siku nzima. Wakati huo ndipo sisimizi hupata habari. Njia ya zamani ya kusimamisha miguu ya meza ndani ya vikopo vya maji bado inafanya kazi. Vumbi la barabarani nalo si dogo katika mji wa machimbo, kwa hiyo chandarua safi juu ya meza ni kifaa cha kazi.

Rangi ziwe za chakula, zilizoandikwa hivyo kwenye chupa. Rangi ya kutia nguo au wino wa aina yoyote haviingii kwenye chakula hata kidogo. Bitiruti hutoa wekundu na manjano hutoa njano, ingawa ladha yake huonekana ikizidi.

Hesabu inaanza hapa

Kwa bei za mfano, gharama za mkupuo mmoja wa biskuti 60 ziko hivi:

Unga wa ngano gramu 800 kwa Sh2,000 kilo: Sh1,600
Majarini gramu 450: Sh4,500
Sukari gramu 400 kwa Sh3,000 kilo: Sh1,200
Mayai mawili: Sh800
Vanila, chumvi na bekingi pauda: Sh500
Sukari laini ya aisingi kilo moja: Sh5,000
Unga wa ute wa yai na rangi: Sh2,500
Mkaa: Sh2,000
Vifungashio: Sh3,000
Jumla: Sh21,100

Katika biskuti 60, sita zikivunjika au kuungua, zinabaki 54 za kuuza. Gharama ya vitu kwa biskuti moja ni takriban Sh391. Mama anaona akiuza kwa Sh500 anapata zaidi ya Sh100 kila moja. Anauza zote, anapata Sh27,000, anatoa Sh21,100, anabaki na Sh5,900. Anafurahi.

Sasa zihesabiwe saa. Kuchanganya, kusukuma na kukata ni saa mbili. Kuwasha mkaa na kuoka ni saa mbili. Kupamba biskuti 60 kwa dakika nne kila moja ni saa nne. Kufungasha ni saa moja. Jumla ni saa tisa. Sh5,900 ikigawanywa kwa saa tisa, mama huyu amejilipa Sh656 kwa saa.

Alinganishe na biskuti zisizopambwa. Hapo haitaji sukari ya aisingi wala rangi, hivyo gharama inashuka hadi Sh13,600. Kazi ni saa tano. Tuseme anaharibu tatu tu, anauza 57 kwa Sh300 kila moja. Anapata Sh17,100 na kubaki na Sh3,500, sawa na Sh700 kwa saa.

Kwa maneno mengine, kwa bei ya Sh500, biskuti iliyopambwa inamlipa mwokaji kidogo kuliko biskuti kavu ya Sh300. Saa nne za kuinamia meza na kuumiza mgongo na macho hazikumwongezea malipo ya kila saa. Zimempunguzia.

Nauli iliyosahaulika

Hesabu ya juu haijagusa safari. Tuseme mama anakwenda mjini kununua sukari ya aisingi, rangi na vifungashio, na nauli ya kwenda na kurudi pamoja na mzigo ni Sh20,000. Akinunua vitu vya mikupuo minne, kila mkupuo unabeba Sh5,000 ya safari.

Gharama sasa ni Sh26,100. Kwa bei ya Sh500, zile Sh5,900 alizofurahia zinabaki Sh900. Mama amefanya kazi kwa saa tisa na kupata Sh100 kwa saa.

Akipandisha bei hadi Sh1,000, mauzo yanakuwa Sh54,000 na anabaki na Sh27,900, yaani Sh3,100 kwa saa. Biskuti ni ile ile, unga ni ule ule, jiko ni lile lile. Kilichobadilika ni bei kukubali kwamba kazi ya mkono nayo ni gharama.

Kanuni ya kupanga bei ni fupi. Jumlisha vitu, nauli na kazi. Gawa kwa idadi ya biskuti nzima, si zilizooka. Kisha ongeza faida. Kazi ikithaminiwa kwa Sh1,500 kwa saa, saa tisa ni Sh13,500. Ukijumlisha na Sh26,100 unapata Sh39,600. Gawa kwa 54, kila biskuti imegharimu Sh733. Ongeza asilimia 20 ya faida, inakuwa Sh880. Mama huyu hapaswi kuuza chini ya Sh900.

Dakika moja ina bei gani?

Wajasiriamali wengi hulalamikia bei ya unga na sukari, na wana sababu. Mwanzoni mwa mwaka 2024, baada ya mvua za El Niño kuvuruga uvunaji wa miwa viwandani, sukari ilipita Sh4,000 kwa kilo katika maeneo mengi nchini. Ngano nayo kwa sehemu kubwa huagizwa kutoka nje, hivyo misukosuko ya dunia hufika hadi dukani Saza.

Lakini ukubwa wa tatizo upimwe. Unga ukipanda kwa Sh500 kwa kilo, mkupuo unaongezeka Sh400, sawa na Sh7 kwa biskuti. Mteja akiomba ua liongezwe jani na jani hilo likachukua dakika moja, biskuti 60 zimekula saa nzima. Hiyo ni Sh1,500, karibu Sh28 kwa kila biskuti nzima. Dakika moja ya mapambo imegharimu karibu mara nne ya kupanda kwa unga.

Kwa sababu hiyo, punguzo la kweli katika biashara hii halitoki kwenye kutafuta unga wa bei rahisi. Linatoka kwenye kupanga kazi. Mistari yote ya ukingo ichorwe kwanza kwa biskuti zote, kisha rangi moja ijazwe kwa zote, ndipo rangi ya pili ifuate. Anayemaliza biskuti moja moja na kubadili mfuko wa aisingi kila mara hupoteza dakika bila kujua. Rangi mbili zinatosha kwa oda nyingi. Jina la bibi harusi juu ya biskuti liwe na bei yake tofauti.

Bei ya udugu

Hapa ndipo penye ugumu ambao hauandikwi kwenye daftari. Saza ni mji mdogo. Mteja ni jirani, shemeji, mwenzake wa kwaya au mwanachama mwenzake wa kikoba. Akisikia Sh900 atasema, "Shoga, biskuti moja tu? Si unga na sukari!" Mwenye biskuti anaona haya, anashuka hadi Sh500, na mwaka mzima anawafanyia watu kazi ya bure.

Jibu lisiwe ugomvi. Mwoka awe na ngazi tatu za bei, zilizoandikwa. Biskuti kavu Sh300. Iliyopakwa rangi moja bila mchoro Sh700, kwa sharti kwamba haitumii zaidi ya dakika mbili. Iliyochorwa kwa rangi mbili Sh900 na kuendelea. Jirani mwenye fedha kidogo haondoki mikono mitupu. Anachukua ya chini, na mwoka hajaumia.

Sharti la pili ni advansi. Biskuti iliyoandikwa "Hongera" na jina la mtu haiuziki kwa mtu mwingine sherehe ikiahirishwa. Nusu ya malipo kabla ya kununua sukari ya aisingi ni kinga ya pande zote mbili, na idadi ya chini ya oda, mathalani biskuti 30, inazuia safari ya mjini kwa ajili ya biskuti kumi.

Kabla ya kukopa

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia nne ni ya vikundi vya wanawake, nne vya vijana na mbili vya watu wenye ulemavu. Utoaji ulisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, ukarejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha wanawake kinaweza kufikiria kuomba ili kununua oveni ya gesi, ambayo hupunguza kazi ya makaa na moshi.

Kabla ya kusaini, hesabu ifanywe. Tuseme kikundi kinakopa Sh2,000,000 na kutakiwa kurejesha kwa miezi 12. Kila mwezi ni takriban Sh166,700. Kwa bei ya Sh1,000 na mabaki ya Sh27,900 kwa mkupuo, inahitajika mikupuo sita ili kulipa rejesho tu. Hizo ni biskuti 324 zilizopambwa kila mwezi, na wenyewe bado hawajajilipa hata senti.

Kwa bei ya Sh500, yenye mabaki ya Sh900, ingehitajika mikupuo zaidi ya 185 kwa mwezi. Haiwezekani.

Swali la kikundi basi si kama wanajua kuoka. Ni kama Saza, Mkwajuni na vijiji vya jirani vina sherehe za kutosha kununua biskuti 324 kila mwezi, ikiwamo miezi ambayo dhahabu imegoma. Kama jibu halijulikani, waanze na jiko lililopo kwa miezi sita huku wakiandika kila oda. Daftari hilo litawaambia kama waende kukopa au la, na litamshawishi ofisa maendeleo ya jamii kuliko maneno.

Katika miezi hiyo biskuti kavu ndiyo ya kuendesha nyumba. Ikifungwa tano tano, huuzika madukani na kwa wanafunzi kila wiki, haihitaji safari ya mjini, na ndani ya chombo kisichopitisha hewa hukaa hadi wiki mbili. Iliyopambwa ifanywe kwa oda tu, Krismasi, Idi, kipaimara na mahafali, ambapo mteja yuko tayari kulipia kazi.

Usalama na sheria

Lipo onyo moja ambalo vitabu vya mapishi vya nje havitoi, nalo ni la lazima katika miji ya dhahabu. Wachimbaji wadogo wengi hukamatia dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma ili zebaki itoke kwa mvuke. Mvuke huo ni sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu, na hudhuru mtoto aliye tumboni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020.

Sufuria, karai, bati au jiko lililowahi kutumika kuchomea dhahabu lisitumike tena kwa chakula, hata likioshwa vipi. Mchanga wa kuwekea ndani ya sufuria ya kuokea usichukuliwe kwenye marudio ya machimbo. Na katika nyumba ambayo dhahabu huchomwa, biskuti zisiokwe hapo.

Kuhusu ubora, tangu mwaka 2019 udhibiti wa chakula uliokuwa chini ya TFDA ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Anayetaka biskuti zake zikae madukani aanze kwa kuuliza ofisi ya SIDO ya mkoa, ambayo huwaelekeza wajasiriamali wadogo namna ya kufikia TBS. Aidha, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku kuanzia Juni 1, 2019, hivyo kifungashio cha biskuti kiwe ni kile kinachoruhusiwa kwa chakula, chenye jina la bidhaa, viambato, tarehe ya kuokwa na ya mwisho kutumika.

Mtaji wa kwanza

Kinachohitajika kuanza ni kidogo. Trei mbili, vibati vitatu, kifimbo cha kusukumia chapati ambacho tayari kipo jikoni, mizani ndogo, saa na daftari.

Katika hivyo, saa na daftari ndivyo vinavyoachwa mara nyingi, na ndivyo vinavyoamua. Mama anayejua kwamba mkupuo wake ulichukua saa tisa ataweza kumwangalia jirani yake usoni na kutaja bei yake bila haya. Asiyejua ataendelea kuuza, ataendelea kusifiwa, na mwisho wa mwaka atatafuta mtaji mwingine wa kuanzia upya.